Kuinua kamyoneti: tutafute ulaini, tusitafute urefu



Katika garaji nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna kazi inayopendwa sana: kupandisha kamyoneti. Mtu analeta Toyota Land Cruiser yake, ile yenye bene nyuma, mekanisie anatoa resori za kiwanda na kutia nyingine ndefu zaidi. Jioni gari linatoka garaji limesimama juu kama korongo. Majirani wanatazama, watoto wanapiga makofi. Lakini wale watakaokaa ndani ya bene kesho asubuhi, toka kambi mpaka mgodini, hakuna aliyewauliza neno.

Ukimuuliza mwenye gari sababu, atakujibu mambo mawili. La kwanza: barabara ni mbaya, gari likiwa juu halitagusa chini. La pili: gari lililopandishwa linakuwa laini. Tuyachungue yote mawili, maana ndani yake mna ukweli kidogo na makosa mengi.

Barabara ni mbaya kweli. Tukiacha lami na kuingia njia za udongo zinazokwenda migodini, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 mvua inazilowesha, kamyo kubwa zinachimba mifereji, na kiangazi kikirudi udongo unakauka na kuwa mawimbi kama bati la nyumba. Lakini tazama chini ya Land Cruiser. Kitu kinachogusa ardhi kwanza ni lile tumbo la ponti, lile lenye meno ya kuzungusha magurudumu. Resori zinakaa kati ya ponti na shasi. Ukirefusha resori unapandisha shasi, bene na vichwa vya watu. Ponti inabaki palepale ilipokuwa. Kinachopandisha ponti ni pine kubwa tu. Basi aliyelipa ili ponti yake isigonge jiwe, amelipa bure. Amepata nafasi zaidi chini ya shasi na juu ya pine, si kitu kibaya, lakini si kile alichofikiri.

Sasa ulaini. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Ulaini wa gari hautoki katika urefu. Unatoka katika urafiki kati ya resori na mzigo. Kamyoneti za aina hii zinazotengenezwa tangu 1999 zina resori za kujizungusha mbele, na nyuma zina resori za mabamba, yale mabamba ya chuma yanayolaliana. Kiwanda kimeweka mabamba magumu nyuma kwa sababu gari limefanywa kubeba mzigo mzito. Likienda tupu, mabamba hayachezi, yanashikana kwa msuguano, na gari linabaki kurukaruka juu ya pine zake. Kila mtumishi aliyepanda nyuma bila mzigo anajua maneno hayo kwa kiuno chake.

Kuna hesabu ndogo hapa, shofere mwenye akili anaweza kuifanya yeye mwenyewe. Resori inayoinama sentimetre 6 chini ya uzito inaoubeba inatikisa gari karibu mara 2 kwa sekunde. Ile inayoinama sentimetre 25 inalitikisa mara 1 tu kwa sekunde, polepole kama mtoto anayebembelezwa. Kwa hiyo resori iliyo ngumu kupita mzigo wake haiinami, na isipoinama inapiga. Lakini iliyo laini kupita mzigo wake inalala kabisa, inagonga kizuizi chake, na pigo hilo la mwisho ndilo linaloumiza mgongo kuliko yote.

Ndiyo sababu nasema: kabla ya kuuliza sentimetre, uliza kilo. Gari hili linabeba nini kila siku? Watu 10 wa kilo 70 ni kilo 700, bado vyombo vya kazi. Gari la ekipe ya kuunganisha vyuma, lenye mashine na chupa za gazi ambazo hazishuki kamwe, lina mzigo wa daima: hilo linataka mabamba yaliyopimwa kwa uzito huo. Gari linalokwenda tupu asubuhi na kurudi limejaa jioni linataka mabamba ya namna mbili: ya juu mepesi yanayofanya kazi wakati wa utupu, na ya chini mazito yanayosaidia mzigo ukiingia. Wanaouza resori wazuri wanaziuza kwa kipimo cha mzigo. Mwuzaji asiyekuuliza uzito, ila anakuonyesha picha ya gari refu, mwache na picha yake.

Kuna pia mabamba machache yaliyo mazito katikati na membamba kwenye ncha, yasiyosuguana sana. Hayo ni laini kweli. Lakini kwa kuwa msuguano umepungua, amortisere ndizo zinazobaki peke yake kulituliza gari, na amortisere za bei ya chini zikichoka, gari litaanza kuyumba kama mtumbwi. Mimi, fedha zikiwa kidogo, ningezitia katika amortisere nzuri kabla ya kununua resori yoyote. Garaji nyingi hazipendi kusikia hivyo.

Baluni za hewa zinazotiwa juu ya mabamba nazo zina wapenzi wao. Zinainua mkia wa gari lililojaa, ndiyo. Lakini zinasukuma shasi mahali pamoja ambapo kiwanda hakikukusudia, na juu ya barabara ya mashimo, na mzigo ukiwa nyuma kabisa, shasi inaweza kupinda au kupasuka hapo. Na vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya resori na ponti ili kupata urefu kwa bei rahisi? Havileti ulaini hata chembe. Resori ni ileile, na ponti inapata nguvu ya kujipindua kila unapokanyaga mafuta au freni.

Tuje sasa kwenye hatari, maana huu ni ukurasa wa usalama.

Chukua upana kati ya gurudumu la kushoto na la kuume, ugawe mara mbili, kisha ugawe kwa urefu wa kitovu cha uzito wa gari. Tuseme nusu ya upana ni sentimetre 75, na kitovu kiko sentimetre 80 juu ya ardhi: unapata 0,94. Ukipandisha sentimetre 5, kitovu nacho kinapanda karibu hivyo: 0,88. Ukipandisha 10: 0,83. Namba hiyo ikishuka, gari linapinduka upesi zaidi. Marekani wanatumia hesabu hiyo tangu 2001 kuwaonyesha wanunuzi hatari ya gari kupinduka. Na hapo hatujaweka watu. Mtu aliyesimama ndani ya bene, mikono juu ya paa la kabini, anapandisha kitovu zaidi. Ndani ya bene hakuna mkanda. Gari likipinduka, shofere ana bati juu ya kichwa chake. Wenzake hawana kitu.

Ndiyo maana kwa gari linalobeba watu mimi sikubali zaidi ya sentimetre 5, na hata hizo nataka nionyeshwe sababu. Anayetaka 10 kwa ajili ya uzuri, apande peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo hata mekanisie wazuri wanalisahau. Gari jingi la namna hii lina kifaa kidogo nyuma, kilichofungwa kwa fimbo kati ya shasi na ponti, kinachopima kama gari limejaa au ni tupu, ili kiamue nguvu ya freni za nyuma. Ukipandisha shasi, fimbo inavutwa, na kifaa kinadhani gari ni tupu siku zote. Basi unashuka mlima na watu 10 nyuma, unakanyaga freni, na freni za nyuma zinafanya kazi kana kwamba bene haina kitu. Fimbo hiyo lazima ipimwe upya siku ileile ya kazi. Mipira ya freni nayo itazamwe gurudumu likiwa limening'inia: ikikazika, iko mifupi, ibadilishwe.

Mbele, shasi ikipanda, ponti inajigeuza kidogo na volani inapoteza ile tabia ya kurudi katikati yenyewe. Gari linaanza kutangatanga katika barabara iliyonyooka. Kuna bushi maalumu za kusahihisha jambo hilo, na fundi asiyezitia hakumaliza kazi. Taa nazo zishushwe, maana usiku zitawapofusha wanaokuja kati ya Likasi na Kolwezi, na hao ni ndugu zetu.

Kwa afya, tusiseme mengi ila tuseme yaliyo hakika. Mwili wa mtu aliyekaa unasumbuka zaidi na mtikiso wa juu na chini wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde. Anayetikiswa hivyo miaka mingi anaumwa kiuno na mgongo wa chini kuliko wengine. Ulaya, tangu sheria ya 2002, mwajiri analazimishwa kuchukua hatua mtikiso ukipita 0,5 kwa kipimo cha metre kwa sekunde mraba katika kazi ya saa 8, na haruhusiwi kupita 1,15. Kiuno cha mtu wa Kambove hakikuumbwa kwa chuma kigumu kuliko cha mtu wa Ulaya, na madai hayo tunaweza kuyapeleka kwa wakubwa wa kazi bila aibu.

Mama mwenye mimba asipande nyuma, wala katika gari lililoinuliwa wala katika lisiloinuliwa. Akae mbele, na shofere aende polepole. Mashofere wengine wanasema juu ya mawimbi ya udongo ni bora kukimbia, kwa kuwa gari linaruka juu ya vichwa vya mawimbi na mtikiso unapungua. Mtikiso unapungua kweli. Lakini pine inayoruka haishiki ardhi: haipigi kona, haisimami.

Na kuna ulaini wa bei rahisi ambao hauhitaji garaji. Hewa ya pine. Wengi wanaijaza kama kwa tone zima la mzigo, kisha wanakwenda tupu mwezi mzima. Tazama kibandiko cha kiwanda, kina hewa ya gari tupu na hewa ya gari lililojaa, ufuate. Kiti cha shofere kilicholala, sifongo yake imekufa, kibadilishwe. Wanaopanda nyuma wapewe benchi lililofungwa kwa boloni, lenye mto na mahali pa kushika, katikati ya bene, si nyuma ya ponti ambako pigo ni kali zaidi. Fedha za kuinua gari moja zinaweza kutosha mabenchi ya magari kadhaa, na sijasikia bado serivisi iliyoomba mabenchi kwanza.

Ikiwa kamyoneti yenu imekwisha kuinuliwa, fanyeni hivi wiki hii. Pimeni toka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bawa juu yake, pande zote 4, gari likiwa tupu, kisha likiwa na watu wake wa kila siku, na mwandike namba hizo katika kitabu cha gari. Kama likijaa halishuki kabisa, resori ni ngumu mno. Kama linalala upande mmoja, huenda kuna bamba lililovunjika. Na zile boloni za umbo la U zinazoshika mabamba juu ya ponti zikazwe tena baada ya kilometre 500, hata kama fundi ameapa kwamba alizikaza.