Chupa za Chuma Ziendazo Kasulu



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alifika ofisini, si kwa khabari ya karafuu, bali kuniomba nimwandikie anwani juu ya kifurushi. Ndani mlikuwa na chupa mbili za dawa ya chuma alizozinunua dukani. Binti yake ameolewa na mwalimu wa skuli huko Kasulu, mkoa wa Kigoma, naye ameandika kwamba mtoto wake wa miaka miwili hana nguvu, viganja vimepauka, na majirani wanasema hana damu. Babu amefanya lile ambalo babu yeyote angelifanya. Nilipomwomba aniachie kifurushi siku mbili alinikasirikia kidogo. Leo naeleza sababu, maana najua si yeye peke yake atumaye dawa namna hii.

(Katika chama hiki ukitaja "chuma" watu hutazama juu ya mkarafuu. Nasema chuma cha madini.)

Afikaye Kasulu au Kibondo huona udongo mwekundu mpaka unaingia nguoni. Wekundu ule ni wa chuma kilichoshikana na hewa kikawa kama kutu. Walakini kutu haiyeyuki katika maji ila kidogo mno, kwa hiyo chuma kipo tele na hakipatikani. Shida hiyo ni ya kila kiumbe, hata bakteria na kuvu waliomo udongoni.

Wao wamepata hila. Wengi wao hutoa nje kitu kidogo sana kiitwacho siderofori, jina la Kiyunani lenye maana ya mbeba chuma. Hufanya kazi kama upembo tunaovutia tawi la mbali: hukinasa chuma, hukibandua penye kutu, kisha bakteria hukipokea kwa mlango wake maalumu na kukitumia ndani. Mwaka 1952 mtaalamu J. B. Neilands alieleza kitu cha namna hiyo alichokipata katika kuvu wa jamii iharibuyo nafaka.

Bakteria akiingia katika damu yetu hukuta chuma kimefungiwa. Mwili haukiachi ovyo, kama vile mwenye karafuu kavu asivyoziacha juu ya jamvi usiku. Hukishika kwa protini zake. Hata maziwa ya mama yanayo protini ya kazi hiyo. Mtu akishikwa na homa, mwili huzidi kukificha. Lakini salmonela, bakteria anayeua watoto wadogo kwa kuingia katika damu, hutoa siderofori yenye mshiko mkali kuliko protini zile. Mwili nao una protini nyingine ya kuikamata siderofori hiyo, na salmonela akajibu kwa kuivisha siderofori yake sukari isikamatike! Ndivyo wanavyogombana. Sasa mtu amwage chuma cha ziada katikati ya ugomvi huo.

Tusidhani hizi ni khabari za mbali. Mwaka 2002 na 2003, hapa hapa Pemba, watoto wa umri wa mwezi 1 mpaka miezi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki katika utafiti mkubwa. Nia ilikuwa njema. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ile ya chuma ilisimamishwa, kwa kuwa waliopewa walizidi kwa asilimia 12 katika kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi mazito. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili shauri lake kwa nchi zenye malaria. Watafiti hawakusema ni kosa la siderofori peke yake. Malaria ina njia zake: huvunja chembe za damu, chuma hutoka, na salmonela hupata nafasi.

Lakini kuna upande wa pili, na huu ndio husahauliwa. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria, watoto walioonekana kweli wamepungukiwa na chuma walifaidika nacho. Basi asiondoke mtu hapa akisema chuma ni sumu, wala mama mjamzito asiache vidonge vya kliniki. Chuma kilekile kilimfaa mmoja na kumdhuru mwingine, na tofauti yao haionekani kwa kutazama viganja.

Visiwani malaria imepungua sana tangu wakati ule, ingawa haijakwisha. Kigoma ingali miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa nayo zaidi. Mjukuu wa mwenzetu yuko leo katika hali waliyokuwa nayo watoto wetu miaka ile, na sisi tuliokwisha kuona tunamtumia chupa kwa posta bila kipimo! Kupauka kwake pengine ni kwa malaria yenyewe, pengine ni kwa minyoo. Kituo cha afya humchoma kidole, hupima malaria na wingi wa damu, humtibu, na chuma kikihitajika hupewa kwa kiasi cha uzito wake.

Nimemwandikia binti kwa idhini ya baba yake. Kifurushi kimekwenda na chandarua na nauli ya kumfikisha mtoto kituoni. Chupa mbili zimo kabatini mwa ofisi, na mwenyewe ameniambia atazifuata ikiwa jawabu la kipimo litazitaka.

Katibu