Stima ya taa haimtoshi fundi wa Sericho

Fundi wa televisheni na redio kule Sericho, Isiolo Kusini, ana shida ambayo wenzake wa Kipini na Kiunga wanaijua: akishamaliza kutengeneza, atakijaribu kifaa kwa stima gani? Asipoijua hali yake kwa hakika, mteja hukibeba hadi Isiolo mjini, na nauli huweza kuzidi ujira wa fundi.

Vifaa vya madukani kwetu hutaka volti 240 na hezi 50. Jenereta ndogo ya petroli haina uhakika huo. Jirani akiwasha pasi, injini inalemewa na volti zinashuka; akiizima, zinaruka. Hezi nazo hufuata mwendo wa injini. Hapo fundi hulaumu kifaa kwa kosa la jenereta.

Sola ndogo za kulipa polepole nazo ni za DC: taa, redio, kuchaji simu. Televisheni ya AC haziiwashi.

Njia ya bei ya kuvumilika ni paneli, betri ya volti 12 na inveta ya wati 300. Lakini asinunue inveta yoyote tu. Zile rahisi kabisa hutoa wimbi la ngazi-ngazi: transfoma hunguruma, mota hupata moto, na mita nyingi za bei ya chini husoma volti vibaya. Atafute ya wimbi laini, hata akichelewa kuinunua. Betri ya asidi ya 100Ah, ikitumiwa nusu tu, huwasha televisheni ya wati 80 kwa karibu saa sita. Halafu aunge balbu ya uzi, ile ya zamani, mfululizo na kifaa. Kukiwa na shoti, balbu huwaka sana na kifaa husalimika.

Sasa tuje kwa serikali. Mradi wa KOSAP, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, umelenga kaunti 14, zikiwemo Isiolo, Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale. Ulipangwa kwa nyumba, shule, zahanati na visima. Ni mahitaji ya haki, ila fundi ameachwa ajitegemee, na bei hubadilika kwa kalamu ya Bunge: msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa 2020, ukarudishwa 2021.

Vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya kaunti. Meza moja ya majaribio yenye inveta nzuri, ikikodishwa kwa mafundi kwa saa, haihitaji kungoja mradi mwingine wa Nairobi. Waheshimiwa wa bunge za kaunti waiulizie kwenye bajeti ijayo.