Khabari za Ndege: Ninga

Vijana wetu wa upande wa Msimbati wametuletea suala: Je, ninga ni njiwa au ni jamii ya kasuku? Suala hili si la upuuzi. Ninga ana rangi ya majani, hukwea matawini na kuning'inia kichwa chini mfano wa kasuku, na sauti yake si ile ya njiwa tuliyoizoea, bali ni mluzi uliochanganyika na kukeketa. Wengi wapitao kila siku chini ya mikuyu ya bonde la Ruvuma, tangu Kilambo hata mlangoni mwa mto, hawajapata kumwona. Akihisi mtu hunyamaza kimya, na jani likamficha. Mtu hutambua kuwa mti ulijaa ndege pale warukapo wote kwa mshindo mmoja.

Jawabu letu ni kwamba ninga ni njiwa. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), alimtambulisha njiwa kwa alama mbili: hunywa maji mfululizo pasipo kuinua kichwa, na hulia kwa kukariri sauti. Mas'ala haya yamo katika mlango wa Hija, kwani mwenye kumuua njiwa wa Haram ya Makka humlazimu kondoo au mbuzi. Mtazame kuku: huchota tone, kisha huinua kichwa ili maji yateremke. Njiwa hutia mdomo akanyonya mpaka akatosheka. Wako wanazuoni waliosema kuwa alama ya kunywa yatosha peke yake. Basi mlio wa ninga usiwatie shaka. Wataalamu wa wanyama nao wamemweka katika ukoo huo huo.

Amevaa vizuri ndege huyu! Begani ana doa la zambarau, mapajani manyoya ya manjano kama suruali, na shina la mdomo wake ni jekundu. Dume na jike hufanana.

Huko Pemba yuko ninga wa peke yake, mwenye rangi ya kijivu zaidi, asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo na katika visiwa vidogo vilivyokizunguka. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu ni Pakenham, mtumishi wa serikali ya Zanzibar zama za Waingereza, mwaka 1940. Mwali, katika Ngazija, nako wana wao. Huyu wetu ameenea bara kubwa la Afrika, ndiyo maana hatumjali.

Chakula chake khasa ni kuyu. Popo naye hula kuyu, lakini mbegu humtoka nzima, akazipanda mbali. Jamii ya ninga wana firigisi yenye nguvu, isagayo hata mbegu ndogo. Kwa hiyo mkuyu wamhitaji popo kuliko ninga, bali ninga hana budi na mkuyu. Tena mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja. Huu ukiisha, ule waanza, na ndege huhama kufuata matunda. Ikikatwa miwili mitatu, hupatikana mwezi wa njaa katikati. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliwekwa mwaka 2000, lakini mkuyu ulio shambani mara nyingi hukatwa au huachwa kwa neno la mwenye shamba.

Kiota chake ni vijiti vichache tu, hata mayai huweza kuonekana toka chini. Hutaga mayai mawili kwa desturi, na wazazi wote wawili hulalia, yapata wiki mbili. Makinda hayalishwi matunda kwanza, bali aina ya maziwa yafanyikayo katika gole la baba na la mama pia.

Nyama ya ninga ni halali, hatusemi vingine. Lakini kijana mwenye manati apigaye ndege kiotoni ameua zaidi ya mmoja, na hao wengine hatawala. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa khabari ya masahaba waliochukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitapatapa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamrisha arudishiwe wanawe.

Tungependa vijana wa Msimbati watuandikie ni miezi gani mikuyu ya kwao huzaa, mti kwa mti, na kama ninga huonekana kila mara. Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza khabari za pugi.