Koili Isiyopata Moto



Wapenzi wasomaji, wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mama watoto alinijulisha kwamba koili moja kati ya mbili za jiko letu la umeme haipati moto. Sisi tunaishi Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, na jioni hiyo tulikuwa na wageni kutoka Mombasa. Mchuzi wa nazi ulikuwa juu ya koili nzima, na wali ukingoja zamu yake. Kabla sijashika chombo chochote, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasema moyoni, hii ndiyo fursa. Nikalisogeza jiko, nikapiga magoti, bisibisi mkononi.

Binti yetu akauliza, "Baba, plagi umeichomoa?"

Sikuwa nimeichomoa. Aliichomoa yeye, akasimama nayo mkononi. Haikupita robo saa, taa ya jikoni ikawaka juu ya kichwa changu, na vidole vyangu vimo ndani ya jiko. Nilimshukuru Mola, kisha nikamshukuru mtoto.

Funzo la kwanza, basi, ni hili: umeme kukatika si umeme kuzimwa. Kadhalika tokeni zikiisha, kwani mtu wa nyumba aweza kuingiza nyingine nawe ungali kazini. Hata swichi ya jiko ikiwa kwenye sifuri, usiiamini. Yaweza kuwa imekata waya mmoja tu, au vibati vyake vya ndani vimegandana. Chomoa plagi na uiweke unapoiona. Ikiwa jiko limeungwa moja kwa moja ukutani, zima swichi kuu na uwaarifu wote waliomo nyumbani. Kisha subiri lipoe.

Jiko letu ni la aina ambayo koili zake huchomolewa. Itazame koili: je, ina ufa, uvimbe, au ncha zilizoungua? Kama haina alama, na zote mbili ni za ukubwa mmoja, chomeka ile nzima mahali pa ile mbovu, kisha ndipo urudishe umeme. Ikipata moto hapo, ubovu umo ndani ya koili. Isipopata moto, ubovu umo kwenye matundu inamochomekwa, waya, au swichi. Na hapo mkono wako ukome, umwite fundi. Yetu ilikuwa koili. Lakini kama ncha zimeungua, matundu nayo hukaguliwa, maana tundu lililoungua litaiharibu na koili mpya.

Siku iliyofuata niliswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, kisha nikatembea hadi barabara ya Luthuli, koili ya zamani mfukoni. Muuzaji aliipima kwa multimita. Koili ya wati 1000 kwa volti 240 huonyesha takriban omu 58. Yetu haikuonyesha njia yoyote, waya wa ndani umekatika. Nanyi mkienda dukani, chukueni ile ya zamani, ili mpya ilingane nayo kwa kipenyo, kwa ncha na kwa wati. Wala msiiloweke koili majini wakati wa kuiosha; ifuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Majiko ya gesi yenye pleti moja ya umeme ni habari nyingine. Pleti ile ya chuma huwa imefungwa kwa waya upande wa chini, na kuifikia ni kulifungua jiko lenyewe. Hiyo si kazi ya mama wa nyumba, wala ya sheikh.

Tazameni pia plagi na soketi. Koili mbili za wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 8. Mkiongeza birika la wati 2000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, jumla hukaribia ampea 17, ilhali fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Plagi ikiwa ya moto, soketi ikinuka kuungua, au sufuria ikikutetemesha ukiigusa, acheni kulitumia jiko na mumwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Kulitupa jiko zima kwa sababu ya koili moja ni israfu. Lakini uhai ni amana, na mpishi ni ghali kuliko jiko. Tangu siku ile, nyumbani kwetu hafungui mtu kitu chochote cha umeme mpaka mwenzake awe ameishika plagi. Na mtoto akiuliza, mkubwa hujibu.

Wabillahi tawfiq.