Kabla hujamwambia mteja "poa", jua unauza nini

Wajasiriamali wenzangu, wengi mnanijua kwa kadi za harusi na picha za ukutani ninazouza mtandaoni. Tangu mwaka jana nachorea pia magazeti na majarida. Mpaka sasa nimepata kazi tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya jarida, mama ntilie kwenye moshi wa kuni. Mhariri alinipigia saa nane mchana, akataka mchoro kabla ya saa mbili usiku. Nikasema poa. Nikalipwa 80,000, nikashukuru. Hatukuandikiana chochote. Miezi michache baadaye namwona mama ntilie wangu kwenye kalenda, halafu kwenye fulana. Kuuliza, naambiwa, "Si tulikulipa, dada?" Iliniuma, siwafichi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na michoro imo, ila nenda kabishane wakati hata meseji moja ya makubaliano huna.

Kazi mbili zilizofuata, kabla sijashika kalamu nilituma meseji WhatsApp: mchoro utatoka mara moja gazetini na kwenye tovuti yenu, mkitaka kuutumia kwingine tunaongea bei upya, nakala za kutundika nauza mwenyewe, nusu ya hela kwanza, marekebisho mara mbili, makala ikifutwa, hiyo nusu hairudi. Mhariri mmoja alinuna, eti wachoraji wako wengi. Kweli wako wengi. Baada ya saa moja akatuma nusu. Mwingine alijibu "sawa" tu, na hiyo "sawa" nimeipiga picha nikaitunza.

Mchoro mmoja kati ya hiyo, wa abiria waliobanana kwenye daladala, nimeshauza nakala sita kwa 25,000 kila moja. Sikubuni mimi hili. Gado alikusanya katuni zake kwenye kitabu, Democrazy, mwaka 2000.

Najua humu watu wanashauriana "anza kwa bei ya chini upate jina". Bei ya chini sina ugomvi nayo, hata mimi nimeanzia huko. Nagombana na kuuza kila kitu kwa bei ya kitu kimoja. Na wewe mwenye keki au magauni, zile picha unazopiga kwa shida ni mali pia.

Nani hapa ameshakuta picha ya bidhaa yake kwenye ukurasa wa mtu mwingine? Ulifanyaje?