Figo haiulizi kibali

Vijana wenzangu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, hebu tuongee wazi. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017. Tulifurahi. Lakini figo yenyewe inatoka wapi? Hakuna foleni ya figo za marehemu. Inatoka kwa ndugu aliye hai, damu zikipatana. Haya, ndugu zetu wako wapi? Mmoja Uvira, mwingine Nakivale, mwingine hatujui kama bado yu hai.

Jirani yetu figo zilifeli. Mdogo wake alikuwa tayari kumpa moja. Wakaambiwa walete karatasi za undugu. (Najua wanaogopa biashara ya figo, na wana haki kuogopa.) Karatasi ziliungua na nyumba! Kibali cha kutoka kambini nacho kikachelewa. Sisi tuko Kigoma, hospitali iko Dar. Mwisho jibu likaja: ni ghali mno, pesa hiyo inatibu watoto wengi wa malaria.

Hesabu hiyo naielewa. Ninachobishia ni kupigwa hesabu mezani bila sisi. Vigezo vibandikwe ukutani pale zahanati, kwa Kiswahili na Kirundi. Mkimbizi akae kwenye kamati. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, siyo "subiri, subiri" mpaka tunamzika.