Bati Jipya Kuoza Kabla ya Kuezekwa



Shemeji yangu wa Newala alinunua mabati mwezi Novemba, fedha za korosho zilipoingia. Kuta zilikuwa hazijafika kwenye linta, hivyo akayapanga chumbani, moja juu ya jingine, juu ya sakafu ya udongo, akayafunika kwa turubai mpaka chini. Alipofunua mwezi Machi alikuta unga mweupe kama chokaa, na machache yana madoa mekundu. Akaenda dukani akamwita muuzaji mwizi mbele ya watu. Dada yangu alinipigia simu usiku akilia kwa fedheha, kwani muuzaji ni jirani yao na huswali safu moja na mumewe.

Bati ni chuma kilichovishwa zinki. Zinki ndiyo inayoliwa kwanza ili chuma kisalimike. Likiwa paani, bati hulowa kisha hukaushwa na upepo, na hewa huivisha zinki utando mgumu wa kijivu unaoilinda. Lakini katikati ya mabati yaliyobanana hewa haipiti. Umande ukiingia hapo hautoki, utando ule haujengeki, na zinki hugeuka unga ule mweupe. Wekundu ukionekana, ujue zinki imekwisha na chuma chenyewe kinaliwa.

Wala si lazima mvua inyeshe. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 60, kutu huanza kupata nguvu. Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, asubuhi nyingi huamkia ukungu. Masasi, huko chini kwenye milima ya mawe, kuna joto zaidi na bati hukauka mapema. Ndugu wa Masasi asimcheke wa Newala.

Tena kuna salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Vumbi lake likitua paani na kukaa na unyevu, hugeuka tindikali polepole, nayo ni adui wa zinki. Kwa hiyo mvua ya kwanza iachwe ioshe paa na kumwagika nje. Isiingie katika tangi la maji ya kunywa. Wazee wa Newala, waliokuwa wakishuka mabondeni kutafuta maji, hawahitaji kuelezwa thamani ya paa safi.

Mabati yanayosubiri fundi yawekwe juu ya mbao, upande mmoja uinuliwe maji yatiririke, vipande vyembamba vya mbao vikavu vitenganishe bati na bati, na turubai liache upenyo wa hewa. Yasigusane na saruji mbichi. Na tusidanganyike kwa geji: geji 28 ni nene kuliko 30, lakini hiyo haisemi zinki ni nyingi kiasi gani. Muuzaji aulizwe hilo peke yake.

Ule unga mweupe ulisuguliwa kwa brashi ya plastiki na maji, mabati yakaanikwa. Yenye wekundu, manne, yaliezeka banda la kuku. Shemeji alikwenda kwa muuzaji baada ya swala ya alfajiri, walichozungumza sikukiuliza.